Pasi Iliyogusa Nywele za Wifi Yako

Isiolo, Jumapili ya kwanza ya Februari

Dada yangu Wanjiru,

Mwezi huu nimetimiza miaka kumi na minane tangu tulipotoka nyumbani, mimi na wifi yako, tukiwa na godoro moja na mtungi wa maji. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Goti la kushoto halikunjiki, lakini macho bado yanasoma. Na wewe, ule mgongo? Watoto wa Kamau wanakuchotea maji au bado unajibebea mwenyewe?

Kwenye simu umeniuliza mara nyingi kwa nini wifi yako Tabitha alizikwa huku, na kwa nini siuzi kiploti hiki nikarudi, maana chumba umekwisha kunisafishia. Kila nikianza kueleza unalia, nami natafuta kisingizio cha kukata. Ndiyo maana nimeandika.

Huku ndiko alikofia. Aliomba nywele zake zitengenezwe, hakuomba safari.

Kule kambi ya wakimbizi tulikofikia kwanza walimnyoa kwa sababu ya vidonda, na miaka mingi alifunga kitambaa. Nywele zilipoota vizuri alikitupa, akawa anatembea kichwa wazi hata jua la huku likichoma. Alipoona hapati nafuu tena alituambia, mimi na Kawira, "Msinizike na kitambaa. Mninyooshee nywele, mzilaze nyuma."

Kawira ni jirani yetu, binti wa Kimeru anayelea watoto wawili peke yake. Alikuwa amekodi kiti katika saluni moja karibu na stendi, na ndiye aliyemtengeneza Tabitha nywele miaka yote, akimwita mama.

Tabitha alipofariki nilimwendea. Alikubali papo hapo, kisha akashika mdomo.

"Mzee, nitakuja. Lakini na pasi yangu ya nywele siwezi. Wateja wakijua imegusa maiti kule mochari, hakuna mtu atakalia kiti changu tena."

Sikumlaumu. Tukakubaliana kununua pasi ya bei rahisi, itumike siku hiyo moja, itupwe.

Dukani nilikokwenda na Kawira zilikuwa mbili rafuni. Ya kwanza ilikuwa kama yake: nzito, waya mrefu, na kigurudumu cha kupimia moto. Baada ya gharama za hospitali, hiyo sikuiweza. Ya pili ilikuwa nyepesi kama kitu cha kuchezea, ina taa nyekundu tu. Nikavaa miwani, nikasoma boksi.

"Kawira, hata hii wameandika ni ya kazi ya saluni."

"Mzee, siku hizi hata sufuria wanaandika ni ya hoteli. Hiyo haina kipimo. Ikiwaka, imewaka."

"Itatosha?"

"Tujaribu. Mama atatusamehe."

Kule mochari mhudumu alitusogezea meza karibu na soketi. "Fanyeni polepole," alisema. "Wateja wa hapa hawana haraka." Kawira akacheka kidogo, nami nikashukuru kusikia mtu akicheka. Aliijaribu pasi kwenye karatasi. Karatasi ikageuka rangi ya chai. Akaiacha ipoe, akaanza kisogoni ambapo hapataonekana. Nilisikia mlio mdogo, halafu harufu. Alipoifungua pasi, shungi zima lilibaki ndani yake.

"Mfungeni tu kitambaa," mhudumu akasema. "Wengi hufungwa."

Kawira akanitazama. Ilinipasa kusema ndiyo, afungwe. Nilitazama sakafu. Sikumwomba kitu, wala sikumzuia. Akatoka, akapanda bodaboda, akarudi na pasi yake mwenyewe ameifunga kwenye taulo, ndani ya leso.

Wanjiru, alizinyoosha shungi kwa shungi, akazilaza nyuma, na pale palipoungua akapafunika kwa nywele za juu. Wifi yako alizikwa kama alivyotaka. Hilo nataka ulijue kabla ya mengine.

Mazishini wanawake wa kanisa walisimama kumtazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Mmoja akauliza ni nani aliyemtengeneza, mwingine akauliza ni kwa pasi gani. Kawira hajui kudanganya. Aliwaambia ni yake.

Wiki iliyofuata nilikwenda saluni kumshukuru, nikakuta mteja amesimama kando ya kiti, hataki kukaa.

"Kwani hiyo ndiyo ile?"

"Ile gani?"

"Usinichezee, Kawira. Ile ya mochari."

"Nimeifuta na spiriti, mara nyingi."

"Hata ukiichemsha. Mimi niko na watoto nyumbani."

Mwenye saluni alivumilia kidogo, kisha akamwambia Kawira atoe vitu vyake kabla viti vingine navyo havijakimbiwa. Nikampa sebule yangu. Tulitoa makochi, tukapigilia kioo ukutani. Nilimshauri anunue pasi nyingine hata kwa mkopo. Akanijibu, "Na nani ataamini si ile? Watasema nimebadilisha ganda tu."

Basi nakaa mlangoni na kitabu changu ili wapita njia waone kuna mtu ndani asiyeogopa. Wananiamkia, wanapita.

Juzi aliingia binti mmoja mwalimu anayefundisha Kulamawe, mgeni hapa mjini. Alinyooshwa nywele, akajitazama kwenye kioo huku na huku, akalipa akifurahi. Alienda hadi kibanda cha chai hapo ng'ambo. Hakukawia kurudi, uso umebadilika.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Kawira akamsogezea kiti, akakikataa.

"Nipeni maji na sabuni."

Kawira mwenyewe ndiye aliyemmiminia. Yule binti aliinama uani akajisugua kichwa mpaka nywele zikajikunja zote, akaondoka zikimchuruzika maji mgongoni. Kawira, aliyekwisha kumrudishia pesa yake, aliingia ndani akafagia, ingawa hapakuwa na la kufagia.

Unanihimiza niuze kiploti. Nikiuza, Kawira hatakuwa na pa kufanyia kazi, na watoto wake wako katikati ya masomo. Zaidi ya hayo, mji mzima utasema hata mwenye maiti ameikimbia ile pasi. Baada ya hapo hakuna mtu atakayempa kichwa chake tena, si hapa wala mbali kule Merti.

Nisalimie shemeji, mumeo, na umwambie asiache dawa za presha. Msalimie Kamau, mtoto wa marehemu kaka yetu, na umshukuru kwa kulinda mpaka wa shamba. Msalimie mama mkwe wangu, kama bado anatambua jina langu, na umwambie mwanawe alizikwa kichwa wazi.

Kile chumba mpe Kamau, watoto wake wanabanana. Nimepata mahali pa kukaa, ni hapa mlangoni pa Kawira. Nyumbani sitarudi.

Kaka yako,
Njoroge