Sauti ya Kumi na Nne

Jumanne, 4 Machi

Leo Mwenyekiti wa chama cha treni za mfano ameingia dukani amepakata boksi la viatu kama mtoto mchanga. Ndani yake kichwa cha treni, urefu wa kiganja changu. Wanaume wazima tisa, wenye wajukuu na presha, wamemaliza mwezi mzima wakibishana kuhusu rangi ya bampa!

Anataka nikitie sauti. Ni Kumi na Nne, ile dizeli aliyoiendesha Baba miaka ishirini na sita. Wameiunda kwa ajili ya maonyesho ya tarehe 22, na mgeni rasmi ni Baba. Atabonyeza kitufe, Kumi na Nne itatoka stesheni ikinguruma, watu watapiga makofi.

Nimemuuliza kwa nini wamekuja kwangu. Mimi natengeneza mashine za masikio za watu wasiosikia vizuri. Akasema ndiyo sababu, nimezoea vitu vidogo. Ukweli ulimtoka akiwa mlangoni: daktari wa meno, mwanachama mwenzao, alijaribu kwanza, akaunguza.

Nimekubali. Si kwa ajili yao.

Jumatano, 5 Machi

Nimeifungua. Yule daktari hana aibu. Ndani ya kichwa kuna pande la chuma, kazi yake ni kukipa uzito ili magurudumu yashike reli. Yeye kachukua mashine yake ya kutobolea meno, kachimba nusu ya chuma apate pa kuweka spika. Sasa kichwa chepesi, kinateleza palepale kama kuku kwenye vigae. Isitoshe, hakuitenga mota na bodi ya chuma inayopitisha umeme. Umeme wa reli umeingia moja kwa moja kwenye dikoda — kile kisahani kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kinachopokea amri na kutoa sauti — kikaungua. Kutenga mota ni jambo la kwanza kabisa, la siku ya kwanza. Na watu wanakwenda kumfumbulia midomo mtu huyu kwa hiari yao.

Nimeziba shimo kwa vipande vya madini ya risasi. Spika nimeitoa kwenye simu iliyokufa, nikaijengea kiboksi cha plastiki kisichopitisha hewa. Spika bila kiboksi inalia kama nzi kwenye chupa, lakini nani atawaambia.

Jioni nyumbani Baba, ninayeishi naye, alipita mezani kwangu. "Wewe! Unafanya nini na hiyo?" Alipayuka, kama kawaida. Hata ningemjibu asingesikia. Mashine ya sikio niliyomtengenezea kwa mikono yangu mwenyewe iko juu ya friji, kwenye kikombe chenye ufa, huu mwaka wa tatu. Eti inampigia mluzi. Injini imemla masikio miaka ishirini na sita, halafu mwenye makosa ni mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenyekiti kaniletea sauti aliyoipata mtandaoni. Nimeisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Mluzi wa mvuke! Kwenye dizeli! Nimemwambia ni sawa na kumfundisha ng'ombe kuwika. Akasema watu wanapenda mluzi. Nikamfungulia mlango.

Sauti ninayo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaazima redio kaseti ya Mjomba, nikaiweka juu ya ukuta wa nyuma ya nyumba, nikabonyeza saa kumi na moja na dakika kumi jioni. Kumi na Nne ilikuwa ikipita pale kila siku. Tangu nina miaka saba nilikuwa napanda juu ya ndoo niione. Nilipunga mkono mpaka bega linauma. Yeye hakuwahi kupunga, hata siku moja.

Kaka yeye alipandishwa mpaka chumba cha dereva. Mara tatu. Mara tatu tu, na mpaka leo anasimulia kama anasubiri pensheni ya reli. Mimi niliambiwa kule si mahali pa msichana.

Kaseti bado inacheza. Ngurumo, kisha kwenye kivuko cha barabara honi mbili fupi na moja ndefu. Nimeisikiliza mara nne, duka nimelifunga. Mwanamke wa miaka hamsini na moja.

Jumatano, 12 Machi

Imekubali. Nimesafisha mikwaruzo ya kaseti kwenye kompyuta, nikaikata vipande: kuwaka, kusimama, kuondoka, mwendo, honi. Kisha kuipakia kwenye dikoda mpya niliyoinunua. Dakika arobaini. Usiguse waya, usikohoe. Na dikoda yenyewe ndogo, inabeba sauti moja. Ukipakia nyingine, ya kwanza imefutika.

Nimeiendesha kwenye kipande cha reli juu ya meza ya jikoni. Haitelezi. Inanguruma kwa kifua. Hakuna hata mmoja kati ya wale tisa ambaye angeweza kufanya hivi, hata wangekaa chini mwaka mzima wakisaidiana.

Kesho kutwa nitamsikilizisha Baba.

Ijumaa, 14 Machi

Kasikiliza. Kasema, "Siyo." Kaondoka kwenda kulala.

Jumapili, 16 Machi

Kaka alikuja kula mchana. Bora, nilitaka shahidi. Nilimwambia amshughulishe Baba kwa maneno, mimi nikamtia mashine sikioni kabla hajageuka. Alinuna kama mtoto aliyepakwa dawa. Nikaendesha Kumi na Nne mbele ya sahani yake, mara mbili.

"Siyo," akasema. "Treni yangu haikuwa inalia hivyo." Akaichomoa mashine, akaitumbukiza kikombeni.

Nilijiambia, mzee anachanganya. Nilijiambia pia kwamba hata ningemletea treni yenyewe na mabehewa yake yote angesema siyo, kwa kuwa nimeileta mimi. Nilikuwa naosha vyombo kwa kuvigonganisha.

Kaka akaniambia polepole, akifuta sahani, kwamba ndani ya chumba cha dereva huwa hakusikiki hivyo. Mule ndani honi iko juu ya kichwa chako na inakwenda mbele, wewe unaipata kama mtu anayeita kutoka nyumba ya pili. Kinachosikika ni dirisha la kushoto linalogonga. Na kifuniko cha sanduku la vifaa kinachorukaruka. Na ngurumo haiingii masikioni, inapanda kutoka kwenye nyayo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema toka mwanzo. Akasema sikumuuliza, na nikiambiwa kitu huwa nabetua mdomo.

Nimekaa chini. Mimi, ninayewacheka watu wanaoweka mluzi wa mvuke kwenye dizeli. Nimemletea dereva sauti ya mtu aliyesimama nje! Hata daktari wa meno asingefanya ujinga huu, maana yeye asingejua tofauti.

Jumatano, 19 Machi

Kaka kachukua ruhusa kazini. Tumerekodi jikoni mchana kutwa, kama wendawazimu wawili. Ngurumo ya nyayoni tumeipata kwa mashine ya kufulia ikiwa inakausha, maikrofoni nimeibandika sakafuni. Dirisha, tumetumia la chooni, limelegea tangu mwaka juzi. Kifuniko cha sanduku ndicho kilichotusumbua. Kaka akigonga sufuria anafumba macho, anasema hapana, kizito zaidi. Sufuria nne. Mwishoni kilikuwa kifuniko cha bati cha tangi la maji, na taulo chini yake.

Nimemuuliza kwa nini Baba hakumpandisha mara ya nne. Akasema mara ya tatu alitapika juu ya viatu vya Baba. Hajawahi kulisimulia hilo. Nimecheka mpaka nikashika meza, naye akacheka, na sikumbuki lini mara ya mwisho.

Ijumaa, 21 Machi

Mwenyekiti kapata habari. Kapiga simu, anasema kwa heshima zote watu hawaji kusikiliza dirisha la choo. Kwamba waalikwa wanataka honi. Kwamba wanachama wamekaa kikao. Wanachama wamekaa kikao! Nimemwambia asubuhi aje kutuchukua na gari, basi, hayo mengine aniachie.

Nimeamua. Kesho kabla ya kutoka nitapakia ile ya ndani, ile ya kaseti ifutike. Wale tisa wakinuna, wanune. Ukumbi mzima usielewe chochote, poa tu. Nataka mzee huyu aseme "ndiyo" mara moja, mbele yangu, kwa kitu nilichokifanya mimi. Ni hilo tu. Nimeshaliandika, sasa nilale.

Jumamosi, 22 Machi

Saa mbili kasoro. Naandika mbio.

Nilipanga kila kitu kwenye meza ya jikoni: reli, Kumi na Nne, kompyuta. Kabla ya kupakia nikamwita Baba aisikie kwanza ile ya ndani kwenye spika za kompyuta. Masikio yake yalikuwa matupu, kwa hiyo nikafungulia mpaka mwisho na kumwekea mikono yake juu ya meza, autambue mtetemo. Ikaanza. Dirisha. Kifuniko. Mkono wake wa kushoto ukasogea wenyewe, ukashika kitu ambacho hakikuwepo, ukakivuta kidogo kidogo.

"Hiyo ndiyo," akasema. "Ndiyo yenyewe hiyo."

Nimeipata. Nilishaigusa kompyuta nianze kupakia, na moyoni nilishaanza kuwacheka wale tisa na vikao vyao.

Akauliza, "Na ile nyingine ilikuwa ya nini?"

Nikapaza sauti: ndivyo ilivyosikika nje, Baba. Ikipita nyuma ya nyumba yetu. Akasema treni za wenzake alizisikia zikipita, kila siku. Yake hakuwahi. Angeisikiaje, na alikuwa ndani yake?

Kisha akainuka, akaenda kwenye friji. Akachukua kile kikombe, akatoa mashine, akaivaa mwenyewe, akaipapasa ikae sawa. Miaka mitatu. Akarudi, akakaa.

"Iweke hiyo ya nje."

Nikaiendesha. Ikapita mbele yake, ikanguruma kwa kifua, honi mbili fupi na moja ndefu. Akasema tena. Nikairudisha. Tena. Safari ya nne hakuwa anaangalia treni. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Nikasema ngoja nilete kaseti nikuonyeshe. Uongo, kaseti ya nini. Niko chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda na daftari hili. Nikimwambia ndoo, atauliza ndoo ya nini, na nikimjibu hilo nitalia, na nimeshajipaka wanja. Kupakia kunataka dakika arobaini na sijui tena nipakie ipi au nisipakie. Mwenyekiti ameshafika, anapiga honi ya gari lake getini, mbili fupi na moja ndefu, anajiona mchekeshaji. Nimemsikia Baba akifungua dirisha na kumwambia asubiri.

Sasa ananiita. Bila mashine sikioni hupayuka mpaka majirani wanajua tunapika nini. Leo anaita kwa sauti ya chini kabisa, karibu na mlango wangu, na hajasema "wewe".

"Mama," anasema. "Nimekuuliza, mama, ulisimama wapi."