Kifaa Ulichoagiza Kimefika, Dada Kabula

Dada Kabula,

Kifaa chako cha sauti kimefika. Sikujua nianzie wapi, basi nimeanzia hapo.

Kilifika wiki ile tuliyorudi Geita baada ya kukuzika Kishapu. Simu yako kaka yako aliniachia mimi, kwa ajili ya wateja. Ikaita, dada mmoja wa ofisi ya mizigo ya mabasi. "Naongea na Kabula? Kifurushi chako kutoka Dar kiko hapa." Nikasema ndiyo. Kwa sauti yangu hii nzito nikasema ndiyo, nakuja kukichukua. Yule dada akasema, "Haya." Kumwambia ukweli kulinishinda. 

Nimekaa na boksi lile bila kulifungua. Nililiweka kwenye kiti chako, halafu nikaona siyo vizuri, nikalishusha chini. Halafu nikaona chini kuna vumbi, nikalirudisha kwenye kiti. Ndivyo nilivyokuwa, Dada. Mtu mzima nahamisha boksi.

Pale Kalangalala chumba chetu cha studio kipo, mlango ule ule wa bluu. Mashine ya kusaga ya jirani imehamishwa, sasa mchana kuna utulivu ule uliokuwa unautafuta miaka yote, umekuja wewe hupo. Wachimbaji bado wanakuja kuuliza. Juzi kaja yule mrefu aliyekuwa anataka wimbo wa kumsifu mke wake kila akipata dhahabu. Nilipomwambia habari zako alivua kofia, akakaa kwenye ngazi.

Kompyuta yako ya zamani imekufa. Umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa hasira, nikasikia "paa" na harufu ya kuungua. Nilitoa diski nikampelekea fundi huku nimeishika kama yai. Mungu akasaidia, kazi zako zote zimo. Kaka yako akanipa laptop yake aliyokuwa haitumii, tundu lake la spika limekufa lakini mengine yote mazima. Kwa hiyo ikabaki hivi: laptop bubu, kifaa kipya ndani ya boksi, na spika zako.

Spika zako, Dada. Zile mbili ndogo nyeusi na boksi la besi la chini ya meza, ulizozinunua Kahama kwa yule mzee aliyekuwa anafunga duka ahamie kwa wanawe. Watu walikuwa wanakucheka. Kwaya zinakuja zimevaa sare, zinakuta studio inasikilizia spika za kompyuta ya shule. Wewe unacheka nao, halafu unawaambia, "Hizi nimezizoea. Zikinidanganya najua zinadanganya wapi." Mimi uliyenitoa kwenye kubeba vyombo vya kwaya ukanikalisha mbele ya kioo cha kompyuta, nilijifunza kusikia kwa kupitia hizo. Nyingine sizijui.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Mama yako alipiga simu kutoka Kishapu. Akasema, "Shija, nimeambiwa mwanangu aliacha sauti huko. Nakuja kuisikiliza." Nikamwambia, Mayu, mama, usisumbuke na safari, nitakutumia kwenye simu ya mjukuu wako. Akakataa. Alisema simu ndiyo iliyomletea habari ya msiba, hataki imletee na sauti yako. Anataka kukaa pale ulipokuwa unakaa. Ungemjibu nini? Nikasema karibu, Mayu.

Ndipo nikafungua boksi.

Kifaa ni kizuri, kidogo kama tofali la sabuni, kina mwanga wa kijani. Nikakiunga na laptop ili sauti ipitie humo, kikakubali. Nikavaa hedifoni, nikazichomeka kwenye tundu la mbele, nikasikia kazi zako safi kabisa. Nikafurahi, nikajisemea kumbe naweza. Halafu nikachukua waya wa spika zako. Pini yake ni ile moja ndogo ya siku zote. Nyuma ya kifaa kuna matundu mawili makubwa, moja la kushoto, moja la kulia. Nikasimama pale na pini moja mkononi. Nilikuwa natazama mlangoni, Dada, kama mtu anayesubiri umalize chai uje.

Nikaenda mjini nikatafuta kichwa cha kugeuzia pini ndogo iwe kubwa. Nikachomeka tundu la kushoto. Sauti ikatoka! Lakini sauti gani. Kama mtu anaimba ndani ya pipa lililofunikwa. Besi hakuna kabisa, nikaweka mkono kwenye boksi la chini ya meza, limelala kimya. Ukikaa katikati unahisi masikio yanavutwa huku na huku, hujui mwimbaji yuko wapi. Nikahamishia tundu la kulia, yale yale. Nikapandisha, nikashusha, nikazima nikawasha. Nikalaumu spika kwamba zimezeeka, nikalaumu kifaa kwamba ni kibovu. Nikafungua laptop nikasoma maelezo yanayozungumzia mambo mengine tu. Mtu wa kumpigia simu kwa jambo kama hilo nilikuwa naye mmoja, na simu yake iko mfukoni mwangu.

Mama yako akafika na mambo yangu yako hivyo hivyo. Alikuwa ameunganisha magari, Kagongwa alikaa juani muda mrefu, miguu imejaa vumbi. Alikuletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Ndiyo, alikuletea wewe. Aliiweka mezani mbele ya kiti chako, akakaa pembeni, kiti chenyewe hakukigusa. Nikamwomba apumzike kwanza, ale. Akasema, "Nitakula nikishamsikia."

Niliuweka ule wimbo uliomtungia. Uliniambia nisiwe na haraka nao, utampa siku ya mavuno, hajui kama upo. Ukaanza: mama aliyenibeba mgongoni akienda kupalilia pamba. Ukatoka kwenye spika zako ukiwa mwembamba, mkavu, bila kifua. Mama yako aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akageuka kunitazama, macho yake yananiomba nimsaidie.

"Huyu si Kabula," akasema.

Nikamwambia ni yeye, Mayu, ni waya tu. Akasema, "Mimi nimemzaa. Huyu ni mtu mwingine." Akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na kanga yake usoni.

 Nilifikiria kumwita fundi yeyote, nilifikiria kumwambia mama aende nyumbani nitamletea. Nilikaa sakafuni chini ya meza na ule waya. Halafu nikaona hedifoni zimelala hapo, na nikakumbuka zenyewe zilikuwa zinasema vizuri. Zina pini moja kama spika zako. Sikuwa na akili nyingine zaidi ya hiyo. Nikazitoa, nikachukua pini ya spika na kile kichwa, nikaiingiza lile tundu la mbele, la hedifoni. Nikashusha sauti nisije nikaziunguza, nikapandisha taratibu.

Boksi la chini ya meza likanguruma kwenye goti langu. Na wewe ukaingia katikati ya chumba.

Baadaye fundi wa sauti wa kanisani alinieleza: matundu ya nyuma kila moja ni la upande mmoja tu, nikichomeka pini yenye pande mbili, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta, zinauana. Natakiwa nitafute waya unaotoka pini moja na kwenda kwenye vichwa viwili. Wewe ungejua hata kabla ya kufungua boksi.

Mama yako alikuwa ameshasimama mlangoni. Alishika mlango kwa mikono miwili. Hakusema ni wewe, wala hakusema si wewe, aliita tu jina lako. Jina lile la nyumbani, ambalo miaka yote hukutaka nilijue.

Kisha tukasikia kitu kingine, sote wawili. Kila mstari ukiisha, ulikuwa unavuta pumzi. Ndefu. Inakwaruza. Mstari wa kwanza, wa pili, na kila mmoja unaofuata inazidi kuwa ndefu. Tulirekodi kabla miguu haijaanza kuvimba, kabla ya hospitali ya Mwanza, kabla mtu yeyote hajatamka neno figo. Ulikuwa unaimba huku unacheka na mimi. Mama yako akaniuliza polepole, "Alikuwa anahema hivi?"

Nilisema, "Sikujua, Mayu." Akasema, "Hata mimi. Kwenye simu alikuwa anasema mzima."

Wimbo ukafika mwisho wa ubeti wa kwanza na kunyamaza. Unajua ulivyouacha. Baadaye ulisema ubeti wa pili tutauimba ukirudi kutoka hospitali. Lakini mama yako hakujua. Alisogea karibu na spika, akaweka kiganja juu ya ile ya kushoto, akangoja. Chumba kimya, spika zinavuma kidogo, ule mvumo unaokuja laptop ikiwa kwenye chaji na bado sijui kuuondoa. Akangoja.  Mwishowe akaniambia, "Mwache aendelee."

"Umeishia hapo, Mayu."

Akaitikia kwa kichwa. "Wabeja," akashukuru, kama mtu aliyepewa maji. Ndipo akakaa kwenye kiti chako, akala michembe kidogo, akanikatia na mimi.

Aliondoka asubuhi yake. Nilimsindikiza stendi, nikamwambia nitasafisha wimbo, nitaondoa zile pumzi kama ulivyonifundisha kwenye kazi za watu, kisha nitampelekea. Alinishika mkono. "Usiziondoe. Ndiyo alivyokuwa anaimba."

Dada Kabula, sina la kufanya zaidi. Siwezi kukurudisha, siwezi kuimba ubeti ambao hukuniachia maneno yake. Kwaya wamesema wana binti mwenye sauti nzuri anayeweza kumalizia. Nimewakatalia. Nakuahidi pumzi zako zitabaki zote, na pale uliponyamaza patabaki kimya. Mavuno yakifika nitaupeleka wimbo Kishapu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Lala salama, mwalimu wangu. Mlango leo nitaufunga mimi.

Shija