Uso Wangu Mbele ya Baba Mkwe

Bulyaga, Jumapili. Mvua haijakata tangu asubuhi, nguo zimegoma kukauka, na mimi situlii. Nimefungua kompyuta, nimeifunga. Nimebandika chai, nimeisahau jikoni hadi imekauka.

Jana tulionesha filamu yangu fupi ya wachuma chai, kwenye ukumbi wa kanisa kule Msasani ya huku kwetu. Mwigizaji wangu aliugua katikati ya kazi, nikaigiza mwenyewe. Mwishoni yule mama mchuma chai ninayemwigiza anatua kikapu chake na kuitazama kamera moja kwa moja. Uso wangu unajaa ukuta mzima.

Shida ni baba mkwe.

Kwetu Wanyakyusa, mke humkwepa baba wa mume wake. Wengi wa rika langu wameshaacha, lakini kwa mzee wetu wa Nkunga hilo halina mjadala. Tangu niolewe sijamtazama usoni. Akitokea njiani, naingia migombani. Akiwa sebuleni, mimi niko jikoni. Jina lake silitamki. Halafu wiki hii akatuma ujumbe kwamba na yeye atakuja kuona filamu.

Mume wangu alinisihi niikate ile picha ya uso. Nikawaka. Filamu nimeisomea, nikamhubiria kweli kweli: kilicho kwenye skrini si mwili, ni mwanga tu, na mwanga haumtazami mtu.

"Kama ni mwanga tu," akasema, "mbona usingizi umekuruka?"

Sikuikata. Si kwamba nilikuwa jasiri. Nilitaka anione. Mara moja tu ajue kwamba mke wa mwanawe ni mtu mwenye sura, si kishindo cha miguu inayokimbia.

Nilikaa nyuma kabisa, yeye mstari wa mbele. Uso ulipotokea, nilisubiri ainame au atoke nje. Hakuinama. Alinitazama mpaka mwisho, na mimi nikimtazama kutoka ukutani. Na huku nyuma gizani, ambako hakuna hata mmoja aliyeniona, nikajifunika kitenge kichwani.

Sasa ni mwanga gani huo unaomtia mtu aibu?

Leo baada ya ibada mama mkwe amepita hapa. Nilijua nimekwisha, nikasimama mlangoni nikisubiri kusemwa.

"Mama Neema," akasema, "mzee anakushukuru, anasema ndaga fijo, kazi ni nzuri sana. Ila anauliza, mbona siku hizi umekonda hivyo?"

Akafungua mwavuli, akaenda zake.

Ni kweli nimekonda, tangu nilipoumwa mwaka jana. Nguo zote nimezipunguza. Lakini huwezi kusema mtu amekonda kama hukumjua alipokuwa amenenepa. Nimeizunguka nyumba hii mchana kutwa na neno hilo, siwezi kumuuliza, na hata nikikutana naye sitafungua mdomo.

Baba, kumbe siku zote ulikuwa unaniona?