Nani Awe wa Kwanza Kwenye Makala ya Ntumba

Ijumaa, Majengo, Sumbawanga.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule wa Juni unaopita hata chini ya mlango. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinakataa kuandika. Sijui kama ni baridi au ni hasira.

Jibu limekuja leo. Makala yetu itachapishwa, na itakuwa wazi: mtu yeyote mwenye simu ataifungua na kuisoma bila kulipa chochote. Hiki ndicho nilichokitaka kwa miaka miwili. Nilitakiwa kuruka.

Nimekaa tu kwenye kiti, nikiangalia ukuta.

Mimi ni bibi shamba. Kwetu ni Mbeya, huku nililetwa na kazi, na kwa misimu minne nimekuwa nikienda kijijini Mwimbi kupima ntumba. Kwa msiojua, ntumba ni vile vilima vya duara ambavyo Wafipa hutengeneza mvua zikikaribia kuisha: unalima majani, unayageuza chini, unayafukia kwa udongo, yanaoza humo humo. Juu unapanda maharage. Msimu unaofuata unasambaza kilima, unamwaga ulezi. Ofisini nilikuta watu wanakiita kilimo cha kizamani. Mimi nilitaka kujua kama ni kweli, kwa hiyo nikapima.

Sikupima peke yangu. Mashamba ni ya Mama Skolastika, mjane wa miaka sitini na kitu, na majirani zake wawili, Mama Deo na Mama Oliva. Wao ndio walionionyesha kilima kipi ni cha mwaka gani, majani gani yanaoza upesi, na kwa nini upande wa bondeni hawapandi mapema. Mimi nilikuwa na daftari, mzani na futi kamba.

Siku moja, msimu wa pili, Mama Skolastika aliniambia kuna mtafiti kutoka nje aliyewahi kulala misheni wiki tatu. Alimhoji mpaka akachoka, akampiga picha na jembe lake, akaondoka. "Aliandika nini?" akaniuliza. Nikaitafuta makala kwenye simu pale pale shambani. Nikapata kichwa chake, aya moja ya muhtasari, halafu kisanduku kinachotaka namba ya kadi ya benki.

Nikamweleza. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeifunga.

"Yaani mimi nikitaka kujua nilimwambia nini yule mtu, nilipe?"

Nikamwahidi hapo hapo kwamba ya kwetu haitafungwa. Niliahidi kwa mdomo mpana kabisa, bila kujua ninachoahidi.

Sasa nimejua. Jarida lililoikubali makala yetu lina njia mbili. Ya kwanza, mwandishi halipi, msomaji analipa. Ya pili, mwandishi analipa ada na mlango unabaki wazi. Ada yenyewe ni mshahara wangu wa miezi mingi, na sitaki hata kuihesabu. Msamaha wa ada kwa waandishi wa nchi kama yetu upo, lakini si kwa jarida la aina hii.

Nilimfuata mkuu wangu wa idara. Nilivaa vizuri, niliandika maelezo ya ukurasa mmoja. Aliyasoma mistari miwili akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtoto anayeomba anunuliwe ndege. "Atupele, sisi ni idara ya kilimo. Kuchapisha makala hakuna kifungu kwenye bajeti." Nikamwambia semina za mbegu zina kifungu, mabango yana kifungu, fulana za maonyesho ya wakulima zina kifungu. Akasema ndiyo, hivyo vina kifungu.

Nikatoka.

Akabaki Festo. Nilisoma naye chuo cha kilimo, sasa anafundisha chuo kikuu kimoja Ulaya. Yeye ndiye aliyenisaidia hesabu za takwimu na Kiingereza cha makala. Chuo chake kina mfuko maalumu wa kulipia ada hizi, ili utafiti uwe wazi kwa watu wote. Kwenye tovuti yao wameandika hivyo, kwa herufi kubwa: watu wote. Nikampigia. Akauliza maktaba yao, inayosimamia mfuko huo, akanirudia baada ya siku mbili na sauti ya mtu aliyebeba msiba.

"Atu, dada yangu, usinielewe vibaya. Mfuko unalipa kama mwandishi wa kwanza ni mfanyakazi wa chuo."

"Wa kwanza ni mimi."

"Najua."

"Wewe hujawahi hata kufika Mwimbi, Festo."

"Najua. Ila wewe mwajiri wako hana mfuko. Tukibadilishana majina, italipiwa. Tusipobadilishana, itafungwa."

Sikumtukana. Leo najuta kidogo kwamba sikumtukana, ingawa najua si kosa lake. Nilimwambia anipe siku chache, nikakata simu. Nikafua nguo zote mle nyumbani, hata zilizokuwa safi.

Naomba niliseme hili vizuri, maana wiki nzima limenikaa kooni. Kuna watu wamekaa mezani, mbali, wakapanga jinsi ya kuifungulia dunia elimu. Nia yao nzuri, siikatai. Lakini pesa wakaziweka mahali penye pesa tayari. Ukitaka mlango ufunguliwe, lazima uingie na mtu mwenye kitambulisho cha chuo, na wewe usimame nyuma yake. Halafu inaitwa wazi! Kwa nani? Mimi nimelowa mvua misimu minne, nimeugua malaria mara mbili, nimelala kwenye stoo ya mahindi, halafu ili watu wa Mwimbi wasome habari za Mwimbi inabidi jina la mbele liwe la mtu anayefundisha Ulaya.

Na ndugu yangu Festo naye ni wa kwetu. Hilo ndilo linaloniuma mara mbili.

Jumamosi iliyopita nikaenda Mwimbi kuwaambia. Nilijipanga njia nzima. Nilitaka wanionee huruma, ndiyo ukweli. Nilitaka wanawake watatu wakasirike kwa niaba yangu.

Nikawakuta uani kwa Mama Skolastika wanapura ulezi, makapi yamejaa hewani, wote wamejifunga vitambaa puani. Shikamooni, marahaba, nikapewa kikombe cha uji na mti wa kupuria. Nikapura. Nikaeleza huku napura. Mfuko, kanuni, jina la kwanza, jina la pili. Mama Oliva akaguna mahali pa kuguna. Nikajisikia vizuri.

Mama Skolastika akasimamisha mti wake.

"Majina yaliyoandikwa ni mangapi?"

"Mawili, mama. Langu na la Festo."

"La kwangu?"

Nikamwambia yupo. Mwishoni kabisa, kwenye shukrani: tunawashukuru wakulima wa Mwimbi.

"Wakulima wa Mwimbi wako wangapi, bibi shamba?"

"Wengi, mama."

"Basi mimi simo."

Akaendelea kupura. Hakusema kwa hasira. Mama Deo akawa anaangalia chini.

Wiki nzima nilikuwa nalia kwamba nimesukumwa nyuma hatua moja. Wao hawakuwa hata kwenye mstari, na niliyepanga mstari ni mimi. Hakuna mfuko ulionilazimisha. Hakuna chuo. Niliandika ile sentensi ya shukrani kwa mkono wangu, na nakumbuka niliona nimefanya jambo la heshima.

Nikaenda nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika, nikampigia Festo. Nikamwambia: kuwa wa kwanza, chukua. Lakini wa pili ni Skolastika, wa tatu ni Mama Deo, wa nne ni Mama Oliva, kwa majina yao kamili. Mimi wa mwisho.

"Atu, makala imeshakubaliwa. Tukiongeza waandishi sasa hivi, jarida watauliza maswali."

"Waulize. Kama wanaweza kunihamisha mimi kwa sababu ya ada, watashindwa kuongeza watu waliofanya kazi?"

"Wakikataa?"

"Naiondoa makala. Itakaa kwenye daftari langu, na wewe hutakuwa wa kwanza wa kitu chochote."

Akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya chuoni: "Haya, mshikaji. Nitumie maelezo ya kila mmoja alifanya nini. Yaandike vizuri."

Akanitumia fomu za waandishi. Nikazichapisha kwenye duka la steshenari pale senta, nikarudi nazo uani. Kila mwandishi ajaze jina, saini, na taasisi yake. Mama Skolastika akaniuliza taasisi ni nini. Nikasema ni mahali mtu anapofanyia kazi.

"Basi andika shambani kwangu, Mwimbi."

Nikaandika hivyo, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa. Akasaini polepole, jina lote, bila kuinua kalamu mpaka mwisho. Nikawasomea na yale maelezo niliyokuwa nimeandika kuhusu kazi ya kila mmoja. Mama Oliva akanisahihisha: si yeye aliyegundua lile jani linalooza upesi, ni Mama Deo. Nikafuta, nikaandika upya.

Leo jibu limekuja. Mhariri ameuliza swali moja tu, ameridhika. Mfuko umekubali kulipa. Maktaba ya chuo imemwandikia Festo barua ya pongezi kwa mchango wake wa kufungua maarifa kwa watu wote. Amenitumia bila neno lolote, ameweka tu alama ya uso uliofunikwa kwa mkono. Angalau aibu anayo.

Mkuu wangu wa idara yeye hana. Sijui nani alimwambia. Saa sita mchana kaweka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Hongera kwa idara yetu kutoa utafiti wa kimataifa." Watu ishirini wamepiga makofi ya vidole. Idara yetu! Nimeandika majibu matatu na kuyafuta yote matatu. Kisha nikaandika barua, ya karatasi, kuomba kifungu cha kuchapisha kwenye bajeti ijayo, nikamkabidhi katibu wake mkononi na kumwomba anigongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Kanigongea. Nakala iko kwenye mkoba.

Jioni, kabla jua halijazama, nimempigia Mama Skolastika. Nimemwambia imekubaliwa, jina lake ni la pili, haitafungwa, mtu yeyote ataifungua bure. Nilikuwa napiga kelele kwa furaha, mpaka jirani akachungulia.

Akasema Mungu ni mwema. Akauliza kama Mama Deo nimeshamwambia. Kisha akauliza:

"Imeandikwa Kiswahili?"

Miaka miwili nimepiga kelele juu ya mlango uliofungwa, na hata mara moja sikufikiria akishaingia atakuta nini. Hakuna fomu iliyoniuliza. Hakuna mfuko unaolipia hilo, si Ulaya wala hapa.

Nikamwambia, "Bado, mama." Akasema haya, akanitakia usiku mwema.

Kurasa ni kumi na nane. Kwa kuwa iko wazi, naruhusiwa kuitafsiri na kuichapisha bila kumwomba mtu. Kesho Jumamosi siendi popote. Nitaanza na sentensi ya kwanza, na ile ya shukrani nitaiandika upya.