Ufito wa Mjomba

Tarehe 2 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, shika kiti vizuri: anayekuandikia ni fundi ambaye friji zikisikia nyayo zake zinaanza kutoa baridi hata hazijachomekwa kwenye umeme. Sijisifu. Nayasema tu yale ambayo wengine wanaona haya kunisemea.

U hali gani? Mkono wa kulia umeamka, au bado umelala kama mlinzi aliyelipwa mapema? Binti yako anakupa chakula cha mtu, au bado ni uji na maneno matamu? Sisi huku wazima. Mama anasema nikusalimu sana kaka yake na nisikuchoshe. La kwanza nimeshalifanya.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha. Tangu kiharusi kikuangushe na mwenye jengo aichukue bucha, vitu vyako vimelundikwa stoo kwetu: mashine ya kusaga, mizani, visu, ndoano, na ule ufito mrefu wa kutundikia soseji. Mama kila akipita pale anaguna. Nikasema, haiwezekani soseji kavu za Mjomba zife na mpwa wake anapumua. Unalikumbuka friji la Mama, lile lililokufa akawa anawekea nguo za kupiga pasi? Nguo nimezifukuza. Sasa ni kabati la kukaushia soseji.

Mashine yake aliifufua fundi friji wa mtaani, yule tunayemwita Baridi. Yaliyobaki ni akili yangu. Nimetoboa matundu mawili, la chini hewa iingie, la juu itoke. Feni nimeing'oa kwenye kompyuta mbovu. Kuna swichi inayokata baridi ikishuka chini ya digrii kumi na mbili, kuna kipima unyevu, na kuna kile kifaa cha kupuliza mvuke ambacho watu huwawashia watoto wenye mafua. Ndani panang'aa kama meno ya bwana harusi. Baridi alizunguka mara mbili, akaniuliza, "Wewe shule uliishia wapi?" Nikamwambia, "Niliishia pale mwalimu alipoishiwa."

Kesho nasaga nyama. Noa meno.

Mpwa wako,
profesa


Tarehe 11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Huu ni mkono wa kushoto, kwa hiyo ukiona kama kuku amepita kwenye karatasi, ndiye mimi. Sijambo kiasi. Natembea hadi dirishani na kurudi. Mwalimu wa mazoezi kanipa mpira niubinye kwa mkono wa kulia. Nimeusukumia chini ya kitanda. Nitaubinya kwa ajili ya nini? Bucha haipo.

Kabati nimelipenda, na sikutarajia. Chumvi pima kwa mizani, gramu ishirini na tano kwa kila kilo ya nyama. Ile chumvi ya waridi ya wachinjaji, ya kuzuia nyama isigeuke sumu, ni gramu mbili na nusu tu kwa kilo, isizidi wala isipungue. Ukipima kwa jicho utazika mtu.

Lakini kuna neno lako limenisumbua. Unasema ndani panang'aa.

Ule ufito usiuoshe. Ule unga mweupe ulioushika mwili mzima si uchafu, ni ukungu, nao uko hai. Ukungu wa kijani na mweusi ni wezi. Mweupe ni mlinzi: unahama kutoka kwenye ufito kwenda kwenye soseji, unaivika shuka, wezi hawapati pa kuingilia. Ulianza mwaka tuliooana mimi na mke wangu. Yeye ndiye aliyeulea, akifungua dirisha, akifunga dirisha, miaka thelathini na moja. Una harufu yake, ya uyoga na karanga mbichi. Hakuna kwingine duniani. Tangu afariki, kitu chake kilicho hai ni binti yetu na ule ufito.

Kama umeuosha, niambie. Sitakupiga, siwezi hata kuinua kijiko.

Mjomba wako


Tarehe 27 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na pole na mguu, na mkono, na uji. Mimi sijambo, ila heshima yangu ndiyo mgonjwa.

Soseji za kwanza zimeharibika. Usicheke. Nilisaga vizuri, nikapima chumvi kama muuza dhahabu, nikajaza kwenye utumbo, nikafunga kwa uzi, nikazitundika soseji kumi na mbili zimepangana kama wanafunzi kwenye gwaride. Halafu nikawasha feni mwendo wa mwisho, kwa sababu mimi ni mtu wa kasi. Siku ya tano nikazigonga, zikalia ko ko ko. Nikamwita Mama aje ashuhudie ushindi. Akaishika moja, akaipima mkononi, akauliza, "Mwanangu, hii tunakula au tunafukuzia wezi?" Nikaikata. Nje gome la mti, ndani laini kama ulimi wa ndama, na inanuka kama soksi za Baridi. Huyo Baridi alikuwepo, na soksi alikuwa amezivaa, kwa hiyo ulinganisho ulifanyika hapo hapo.

Na chini, karibu na mafundo, kulikuwa na madoadoa ya kijani. Tumezifukia zote nyuma ya nyumba. Mbwa wa jirani alikuja, akanusa, akaomba radhi akaenda zake.

Sasa niambie mzee wa kazi, nilikosea wapi? Feni? Mvuke? Au nyama yenyewe ilinidharau?

Ufito upo, Mjomba. Upo mahali pake, ndani ya kabati. Umenyooka vilevile.

Mpwa wako,
profesa aliye likizoni


Tarehe 8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka binti yangu akaja mbio akidhani kiharusi kimerudi. Hata mimi nilishangaa kusikia sauti yangu.

Ulikosea kwenye haraka. Nyama ni kama mtu mwenye majonzi: ukimkausha machozi ya nje upesi, ya ndani yanamwozea. Feni iwashe dakika tano kila saa, basi. Weka sinia la maji yenye chumvi chini ya kabati. Siku mbili za mwanzo usiziingize kwenye baridi, ziache chumbani zichachuke kidogo, ndipo uzitundike. Unyevu anza asilimia themanini na tano, shusha taratibu hadi sabini na tano. Kila soseji ifunge karatasi yenye uzito wake wa siku ya kwanza. Ikipungua theluthi, imeiva. Nilimfundisha hivyo hivyo mke wangu, kisha akanifundisha upya.

Umesema ufito umenyooka. Sikukuuliza kama umenyooka. Nauliza kama ni mweupe.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia binti yangu. Weupe ukitoka kwenye soseji zako, mimi nitautoa mpira chini ya kitanda. Nitakuwa na kitu cha kurudia. Tutatengeneza pamoja hapo stoo kwenu, wewe mikono, mimi pua. Soseji haiivi kwa mizani peke yake, kuna siku pua ndiyo inayosema bado.

Usipotoka, nako niambie. Nitajua pa kukaa.

Mjomba wako


Tarehe 19 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo! Piga makofi kwa mkono mmoja!

Weupe umetoka. Siku ya sita, Mjomba. Asubuhi nafungua mlango wa kabati nakuta soseji zote zimevaa kanzu. Mama alisimama pale na beseni lake, akasahau anakwenda wapi. Akasema, "Kama bucha ya wifi." Halafu akajifuta uso kwa nguo niliyotoka kuifua mimi.

Nimefuata kila ulichosema, hata vile nilivyodhani ni uzee. Feni dakika tano kwa saa. Sinia la maji. Karatasi za uzito. Baridi sasa anakuja kila siku kusoma kipima unyevu, ananitangazia kwa sauti ya redio: "Sabini na nane, na hali ya hewa ni shwari." Kubwa kuliko zote ilianza gramu mia sita, leo asubuhi ni mia tatu na tisini na nane. Nimeikata. Ndani nyekundu, mafuta meupe madogo madogo, kisu kinapita hakisiti. Nimekula kipande kimoja nikajipigia saluti kwenye kioo.

Nakutumia moja nzima kwa mkono wa dereva wa lori la samaki anayefika huko kila wiki. Nimemtishia kuwa nimeipima. Ikifika na pengo, nitalijua jino lake.

Toa mpira chini ya kitanda, mzee. Ahadi ni deni, na mimi nimeshalipa upande wangu.

Mpwa wako,
profesa, amerudi kazini


Tarehe 2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Soma polepole, maana ndivyo ilivyoandikwa. Huu ni mkono wa kulia. Siku kumi na moja za mpira. Mistari inapanda na kushuka, lakini ni yangu.

Soseji imefika haina pengo. Binti yangu alikata nyembamba, kama nilivyomwagiza. Chumvi sawa. Ukavu sawa, kuanzia nje hadi katikati. Mafuta hayajachacha. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa aproni siku hiyo hiyo. Nilikuwa nakuona mtu wa maneno. Nakuomba radhi.

Sasa lililobaki. Niliishika kabla haijakatwa, nikaufuta weupe kwa kidole, nikanusa. Sikupata kitu. Nikasubiri, nikanywa maji, nikanusa tena. Nikamwambia binti yangu afunge dirisha. Mara ya tatu niliilaza shavuni. Weupe nauona kwa macho yangu, harufu ya mke wangu haipo.

Nimemuuliza mwalimu wa mazoezi. Anasema ugonjwa huu huweza kuchukua pua ya mtu naye asijue. Basi imeondoka. Harufu moja ile ndiyo niliyokuwa nayo ya uhakika, na nimeshindwa kuitambua ikiwa shavuni pangu.

Kwa hiyo sitakuja. Mkausha nyama asiye na pua ataua watu. Nilikuwa nimeshafunga begi, binti yangu amelifungua jana. Visu chukua wewe, na mizani. Ule ufito nao ni wako. Wewe angalau ukifungua kabati unamsikia mkaza mjomba wako. Mfungulie dirisha asubuhi, alipenda hivyo.

Mpira nimemrudishia mwenyewe.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika saa nne asubuhi, na sasa ni saa nne na nusu. Dereva wa lori anasubiri nje na injini inawaka, nimemwambia akiondoka kabla sijamaliza nitalala mbele ya tairi.

Usinipe visu. Lirudishe begi mlangoni. Nenda jikoni sasa hivi, mwambie binti yako akufunge macho kwa kitambaa, akuletee kitunguu, sabuni, majani ya chai, kiatu, chochote. Utavitaja vyote. Najua utavitaja.

Weupe uliounusa ni wa pakiti. Kuna duka linalouza vifaa vya bucha, wanauza ukungu mweupe wa unga. Unauchanganya na maji, unazinyunyizia soseji, siku ya sita zinavaa kanzu. Ni ukungu mzuri, unafukuza wezi vilevile, lakini haumjui mkaza mjomba na haunuki uyoga wala karanga. Haunuki kitu. Mimi mwenyewe nilinusa mara tatu, kama wewe. Ulitafuta mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Mama hajui. Alipolia pale kabatini alikuwa analilia pakiti, nami nikamwacha.

Siku ile ya kwanza, kabla sijakuandikia barua ya majigambo, nilitoa vitu vyako vyote uani. Ufito ulikuwa umefunikwa unga mweupe, nikaona Mjomba ameugua mpaka vitu vyake vimeota kuvu, na hakuna aliyevijali. Nikasema akirudi asikute hivi. Nikachukua maji ya moto, dawa ya kung'arishia nguo, na stilwaya ya kusugulia sufuria. Nilisugua kuanzia alfajiri hadi mchana. Nikaugeuza, nikasugua upande wa pili. Nikauanika juani. Ulitoka mwekundu, mbao safi, mzuri kama mpya, nikamwita Baridi aje auone.

Barua yako ya Februari ilinikuta nao ukiwa ndani ya kabati, unang'aa. Niliisoma nimesimama. Nikaufungua mlango nikaweka pua. Ulinuka dawa.

Uliniuliza kama nimeuosha, nikakujibu upo. Ukaniuliza kama ni mweupe, nikanunua pakiti. Nilidhani nakurudishia mkono wako. Kumbe nakunyang'anya pua.

Pua yako ni nzima, Mjomba. Ilifanya kazi yake, ikasema kweli, na sisi sote tukaiita mgonjwa. Kilichokufa ni weupe wa mkaza mjomba, miaka thelathini na moja, na niliyeuosha ni mimi.

Mpwa wako