Mzee Aliyerudi Kuchukua Kofia

Duka la Dobi, chumba cha nyuma,
Mtaa wa Kiwanda cha Sabuni,
S.L.P. 314.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu wewe, baba watoto na watoto wote. Mgongo unaendeleaje? Uliandika kwamba baridi ya huko inakuingia hadi mifupani na kwamba ngazi za kazini kwako siku hizi zimerefuka. Natumaini umepata nafuu, na yule mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku tupo. Nakula, nalala, asubuhi nafungua duka.

Mama yenu hajambo. Lile jicho la kushoto limetibiwa na sasa anaona vizuri, tena anaona mno. Juzi alipita dukani, akashika shati la mteja, akaniambia, "Baba, kola zako siku hizi zimelala." Nikamwambia ni kweli, Mama. Kola ilikuwa kazi ya dada yako. Mimi ni mtu wa suruali na mashuka.

Lile gauni la kijani la dada yako uliloliomba nimelifua kwa mkono na kulipiga pasi kwa upande wa ndani ili lisipauke. Atakuletea kijana wetu mkubwa atakaposafiri kuja huko kikazi. Utaona kifungo cha tatu hakifanani na vingine. Nilitaka kukibadilisha, sindano nikaishika kabisa, kisha nikakiacha. Alikishona yeye mwenyewe.

Shemeji, najua nimechelewa kukujibu. Barua yako imekaa kwenye droo ya vifungo tangu mvua zianze, na sasa mvua zimekwisha. Kila nikitafuta kifungo nakutana na mwandiko wako na lile swali lako. Uliuliza dada yako alicheka zaidi wapi katika ule wimbo wa kwenye kaseti uliyomtumia, kwenye kofia au kwenye miwani. Mimi sikujua unasema kofia gani wala miwani gani. Nikawa nafunga droo.

Unajua jinsi tulivyokuwa na yule mwimbaji wetu. Ulikuwa mdogo, lakini bila shaka unaikumbuka santuri yake ya kwanza, ile yenye picha yake amesimama juu ya tangi la maji, nywele zimesimama kama amepigwa na umeme. Siku niliyomwona dada yako kwa mara ya kwanza, ilikuwa inapigwa kwenye harusi ya jirani, naye alikuwa anacheza na viatu vyake mkononi kwa sababu kisigino kimoja kilikuwa kimeng'oka. Gitaa lile lilikuwa linaita kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilisema moyoni, huyu mwimbaji ananiita mimi. Tangu hapo sikutaka abadilike hata kidogo.

Yeye akabadilika, kama watu wote. Akazeeka, ngoma akaziweka pembeni, sauti ikawa na mikwaruzo. Mimi nilikasirika kana kwamba amenivunjia ahadi. Dada yako akampenda zaidi. Alisema ile ya ujana ni sauti mbichi, na hii ya sasa imepikwa ikaiva. Nilimwambia mzee amebaki na koo tu, nyimbo zimekwisha. Akanijibu huku anatia wanga kwenye kola, "Wewe unampenda kijana ambaye hata yeye mwenyewe hayupo tena."

Kwa Fundi Redio, tunakokusanyika Jumapili mchana kumsikiliza, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kuna benchi la Zamani na benchi la Sasa, yanatazamana, na katikati redio zimefunguliwa matumbo. Mimi na dada yako tulikuwa tunaingia kwa mlango mmoja na kwenda kukaa mabenchi mawili. Kinyozi, ambaye ndiye mkuu wa Zamani, alikuwa akimwonea huruma. "Mama Dobi, rudi kwa mumeo. Huyo wa sasa anaimba kama mtu anayetafuta miwani yake." Naye alikuwa akimjibu bila kumtazama, "Na huyo wenu anaimba kama mtu aliyekanyagwa kidole." Benchi lote la Sasa lilikuwa likicheka, na mimi upande wa pili nacheka kwa kujificha, kwa sababu ni mke wangu.

Sasa naja kwenye kaseti.

Ilipofika, alikuwa tayari hatoki kitandani. Redio ya kaseti ilikuwa juu ya kabati, mahali asipoweza kuifikia. Aliniomba nimwekee, nikaiweka, nikarudi dukani kwenye pasi. Unajua ukuta wetu, unasikia hata mtu akipiga chafya. Nikamsikia mzee anaimba polepole kwamba amekunja mashati yake yote, amezima taa, anakiaga kiti chake, analiaga dirisha. Shemeji, niliiweka pasi pembeni. Nilijiambia, huyu anaimba kifo chumbani kwa mgonjwa. Nikaenda, nikabonyeza kitufe, nikaizima. Nikaweka kaseti ya zile za zamani, zile za ngoma, nikamwambia hizi zitakupa nguvu.

Hakubishana. Hilo ndilo linaloniuma sasa. Dada yako alibishana nami kuhusu kola, kuhusu chumvi, kuhusu mlango ufunguke upande gani, lakini siku ile alisema tu, "Haya." Aliiomba tena siku nyingine, na nyingine. Kila mara niliirudisha mwanzo, nikasikia taa inazimwa na kiti kinaagwa, nikaenda kuizima kabla haijafika mbali. Niliona ninamlinda. Mara moja kichwa kilimuuma akaniambia, "Punguza kidogo hayo madebe, baba." Nikapunguza. Sikuzima.

Nawe ulipopiga simu ukaniuliza kama anaisikiliza, nilikujibu kwamba anaisikiliza kila siku. Ulifurahi sana, ukasema unajua itamchekesha. Sikukuuliza itamchekesha vipi. Nilidhani simu haisikiki vizuri.

Kuna jambo lingine dogo. Katika siku zile za mwisho, mchana, nilikuwa nambadilishia mto. Alifumbua macho akaniuliza, "Yule mzee ameshaondoka?" Nikadhani ni homa inasema. Ulikuwa wakati ambao alikuwa akiwataja watu wa zamani, nami nilijifunza kumkubalia. Nikamwambia, "Ameshaondoka. Wewe pumzika." Alinitazama kidogo, kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akageukia ukutani. Lile tabasamu sikulielewa. Nimekaa nalo tangu siku hiyo kama ufunguo usiojua mlango wake.

Basi baada ya mambo yote kupita, Fundi Redio aliniomba nilete kitu cha dada yako wakisikilize, kwa kumkumbuka. Nikachukua kaseti yako. Kabla ya kuondoka niliitazama. Utepe wote ulikuwa upande wa kushoto, na upande wa kulia umeviringika unene wa ukucha tu. Umbali huo ndio niliomruhusu kusafiri.

Nilipoingia nilikaa kwenye benchi la Sasa, mahali pake. Kinyozi akanitupia jicho. "Dobi, umehama chama?"

"Nimekaa tu."

"Wote huanza hivyo, wanakaa tu."

Fundi akairudisha kaseti mwanzo. Mashati yakakunjwa, taa ikazimwa, kiti kikaagwa. Nikainamisha kichwa nikisubiri kilio. Halafu, Shemeji, ukaja ule ubeti wa pili ambao wewe unaujua na mimi nilikuwa siujui. Jirani yuko mlangoni, anamwuliza mke wa mzee, "Yule mzee ameshaondoka?" Na mke anajibu, "Ameondoka, lakini amerudi, amesahau kofia."

Swali lile lilikuwa la dada yako, neno kwa neno.

Sikusikia vizuri kilichofuata kwa sababu mabenchi yote mawili yalikuwa yanacheka. Mzee anarudi kuchukua fimbo. Anarudi kutafuta miwani, na miwani iko usoni. Waliokuja kumsindikiza wamechoka kusimama, wanaingia ndani, naye ndiye anawapikia chai, na mwisho anakunjua mashati shati moja moja anayarudisha kwenye kamba. Kwenye miwani mwimbaji mwenyewe anashindwa, anacheka, gitaa linapotea njia, na wameuacha wimbo hivyo hivyo. Ujanani wangemrudisha aimbe upya. Kinyozi alijifuta macho kwa kitambaa cha kazi akajaza nywele usoni. "Huyu mzee ni mshenzi," alisema. "Miaka yote nimemkosea." Aliomba irudiwe. Kinyozi, Shemeji.

Mimi nilitoka nikasimama nje karibu na ngazi. Fundi alinifuata, akadhani ni uchungu wa kawaida. Akanishika bega akasema, "Mama alikuwa na sikio." Hakujua nilikuwa napiga hesabu.

Maana hesabu yake ni hii, na nimeipiga kila siku nikinyoosha mashuka. Dada yako alikuwa ananitania. Kitandani pale, na hali ile, alikuwa ananitupia mzaha nimalizie, kama tulivyokuwa tukitupiana mabenchini. Alitaka tu niseme amerudi, amesahau kofia. Nami nikamwambia mzee ameondoka, pumzika.

Na kama aliujua ubeti wa pili, aliujua kwa nani? Kwangu haukupita. Kaseti haikuwahi kufika huko, utepe ni shahidi. Huyo mwimbaji redioni siku hizi hawampigi. Nawaza kwamba ni wewe. Nakumbuka kuna siku mlizungumza kwenye simu muda mrefu, nami nikiwa na wateja, nikamsikia anakohoa kwa kicheko. Je, ulimwimbia? Ulimwimbia mpaka wapi? Ulifika kwenye chai, na mashati kurudi kwenye kamba? Au simu ilikatika kwenye kofia?

Naomba uniambie ukweli. Kama aliufikia mwisho, niambie. Kama hakuufikia, niambie pia, usinionee huruma kwa sababu ni mfiwa. Mimi nilikudanganya kwenye simu, na sitaki unilipe kwa uongo wa kunituliza. Naomba radhi kwa uongo ule. Ulimtumia dada yako kicheko kutoka mbali, nami nilikaa mlangoni nikakizuia kisiingie, nikidhani ni mwizi. Nisamehe. Nikisema nilifanya kwa kumpenda ni kweli, lakini haipunguzi kitu, kwa sababu yeye alijua anachokitaka na mimi sikumwuliza.

Zile za zamani bado nazipenda, nisikudanganye tena. Leo asubuhi nilisikiliza ile ya tangi la maji nikamwona anacheza na viatu mkononi. Ila nimeanza kusikia kitu ambacho sikukisikia. Hata mle, katikati ya ngoma, kijana yule kila mara anamwita mtu arudi. Mzee ndiye aliyejifunza kuitika. Dada yako angenicheka kwa kuchelewa hivi kuona, angesema nimekuja kanisani watu wanakunja viti.

Baada ya kusikiliza hiyo nilifanya jambo, na nakuandikia wewe tu, usimwambie Mama, atadhani nimechanganyikiwa. Niliileta meza ya pasi chumbani, mlango wazi, redio nikaishusha kutoka kabatini nikaiweka kwenye kiti kando ya kitanda, mahali ambapo ingepaswa kuwa tangu mwanzo. Nikaweka kaseti yako. Nikapiga pasi kola. Jirani alipouliza kama mzee ameshaondoka, nilizima pasi nikajibu kwa sauti, "Amerudi, mama. Amesahau kofia." Nikauacha wimbo uende hadi mwisho, mpaka utepe ukasimama wenyewe.

Kola ilisimama vizuri.

Kaseti niruhusu nibaki nayo. Nisalimie baba watoto, mwambie shati lake jeupe alilolisahau safari ile bado linamngoja, limenyooshwa. Wabusu watoto. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi. Kijana wetu na dada yake wanakusalimu. Kinyozi na Fundi Redio hawakujui lakini wamesema nikuandikie asante. Mungu akulindie mgongo wako na akujalie watu wa kucheka nao huko uliko. Nasubiri jibu lako, liwe lolote lile.

Wako akupendaye, na mwenye deni la kicheko kwako,

Shemeji yako, Dobi