Koili za Probox na Macho ya Mama Mkwe

Dada yangu mpendwa Milembe,

Shikamoo. Mwangaluka kwa wote hapo nyumbani. Mama anaendeleaje na mguu? Ile dawa ya kuchua iliyotoka Isaka anaipaka, au anaificha chini ya kitanda kama kawaida yake? Ng'ombe wamepata majani? Huku machimboni, nje ya Geita, mvua inakuja kwa kusuasua, lakini mimi, mama Limi na mtoto tu wazima. Limi akishika kidole chako hakiachii mpaka umbembeleze. Wanasema hiyo ni tabia ya ukoo wetu.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Nikipiga kwako anapokea kaka Masanja, na kaka akipokea anaweka sauti ya nje, uwanja mzima unasikia. Tena kuna neno nilimwambia kaka kwa simu hiyo hiyo, nalo sasa linaweza kumuumiza mtu. Soma taratibu mpaka mwisho kabla hujaongea na yeyote.

Unajua kazi ninayofanya na ile Probox tuliyonunua kwa ng'ombe wa nyumbani. Asubuhi nabeba viroba vya mawe kutoka mashimoni kupeleka kwenye karasha yakasagwe. Mchana najilaza. Jioni napakia abiria. Mama Limi alipojifungua, mama yake alikuja kutoka Kharumwa kumkanda kwa maji ya moto. Hazikupita siku nyingi tangu afike, gari likaanza kukohoa. Asubuhi zima, jioni linatetemeka kama lenye homa, taa ya injini inawaka, kilima kidogo tu linakataa.

Unanijua mimi. Hata uji nikiukuta mezani nauliza nani aliukoroga. Kwanza nilimshuku dereva mwenzangu mmoja ambaye alikuwa ananisalimia kwa furaha iliyozidi. Nikaacha kulilaza gari kijiweni usiku, nikawa naliegesha nyumbani muda wote. Likazidi kuumwa. Nikamshuku muuza mafuta, nikabadilisha kituo. Wapi! Ndipo nikaanza kutazama ndani ya ua wangu mwenyewe.

Loki ya boneti ilishakufa zamani, kwa hiyo huwa naifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Siku moja nimeamka mchana nikakuta fundo si langu. Lilikuwa fundo la mzigo wa kuni, lile la kukaza na kupenyeza ncha ndani. Halafu gari ni safi, linang'aa. Nikajiuliza, nani anaosha gari la mtu bila kuombwa? Huyu ama anatafuta kitu, ama anaficha kitu. Na pale nyumbani anayefunga kuni ni mmoja tu.

Ningemuulizaje? Mkwe hatazamwi usoni. Nikitaka kupita uani nakohoa kwanza mlangoni, naye anajitenga, ndipo napita nimeinamisha kichwa. Neno lake linanifikia kupitia kwa mama Limi, na langu hivyo hivyo. Tumekaa nyumba moja, uani kwake, sebuleni kwangu, na hakuna aliyejua mwenzake anafanya nini. Mara moja tu nilimwona vizuri, kwenye upenyo wa mlango, akichochea moto wa maji ya mzazi. Macho yalikuwa mekundu. Dada, unajua kwetu macho mekundu ya mama mtu mzima husemwa ni ya mchawi.

Ikafika jioni gari likazimika njiani na abiria ndani. Wakashuka wakinisonya, wakapanda la yule dereva mwenye furaha. Kwa hasira nikampigia kaka Masanja, nikamwambia, "Huyu mama ananimaliza. Kuna kitu anaweka kwenye gari." Kaka akauliza, "Macho yake umeyaona?" Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, dada. Akajibu, "Basi. Siku akikanyaga huku kwetu tutajua la kufanya."

Fundi alikuja, akasikiliza injini ameshika kiuno, akasema ni koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi, na zote nne zibadilishwe. Fundi anayehukumu zote nne bila kufungua hata moja, mimi namwamini vipi? Nilimwambia aende, nitaita. Nikanunua koili mjini, nikazigeuzageuza mbele ya mwenye duka mpaka akakasirika, kisha nikakaa nazo nyumbani chini ya kivuli cha paa nizifunge mwenyewe. Nimeona mafundi wakifanya mara nyingi. Unachomoa waya wa betri, unabonyeza ulimi wa soketi polepole maana plastiki ya zamani inakatika, unafungua nati kwa spana namba kumi, halafu unaizungusha koili kidogo na kuivuta juu.

Ile ya kwanza ilitoka inachuruzika maji. Nikachungulia kwenye shimo la plagi, nikaona dimbwi, na chini yake tope jekundu. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mpira wake umepasuka na chuma kimeshika kutu. Nilikuwa natafuta hirizi, nywele, kucha, mfupa. Nikatafuta hadi chini ya betri. Hakuna. Ni maji tu na tope la mawe tunayobeba.

Nilikausha yale mashimo kwa kitambaa na pampu ya baiskeli, nikafunga koili mpya, nikawasha. Injini ikanguruma vizuri. Nikamwita mama Limi, nikamwonyesha tope mkononi. Alilitazama, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda uani. Nikasikia sauti ya mama yake kwa mara ya kwanza ikipaa makusudi ili nami niipate.

"Mwambie baba Limi, vumbi la mawe haliachwi lipotee hivi hivi. Nalikinga kwenye beseni."

Nami nikasema kwa mke wangu, kwa sauti hiyo hiyo ya kupaa, "Muulize mama, hata ndani ya injini?"

"Mwambie huko ndiko limejaa! Nimemwagia maji mpaka kwenye pembe zote. Nilifanya akiwa amelala nisimvunjie heshima."

Ndiyo hivyo. Yule mama tangu ujana wake anaishi kwa kuosha marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa wenye chembe za dhahabu zilizowaponyoka wengine. Kwake gari linalobeba mawe ni kama sakafu ya karasha, lioshwe na tope lake lichekechwe. Mchana wote niliolala nikimuota mchawi, yeye alikuwa ameinama chini ya boneti na kopo, ananiulia koili kwa mapenzi. Macho ni moshi wa kuni za kuchemshia maji ya mtoto wangu. Nililia, dada, sikuficha.

Nikampigia kaka palepale. Nikamweleza yote. Akasema, "Hayo maneno si yako. Umeshalishwa dawa." Nikaapa. Akasema kadiri ninavyomtetea ndivyo anavyozidi kujua. Akaniambia ameshaongea na watu wake. Tangu siku hiyo kila nikipiga hanisikilizi, ananijibu kwa huruma kama mgonjwa. Sasa ninayemshuku ni yeye, ndugu yangu wa tumbo moja, na sijui nimshuku mpaka wapi.

Wewe na mimi tumekua tukiona nyumba za bibi wajane zikibaki tupu, milango imeegeshwa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuuliza. Nyumba zile zilianza kwa neno kama langu. Kwa hiyo nakuomba wewe, kwa kuwa ndiwe mkubwa wetu na Masanja hajawahi kukuinulia sauti. Mwite, msomee barua hii mbele ya mama yetu, sauti ya juu. Koili mbili mbovu nimezifunga kwenye gazeti, azishike kwa mikono yake. Akisema nimelishwa, mwambie aje huku, nimlishe na yeye ugali wa mkono huo huo.

Mama mkwe nilimsihi asisafiri bado, kupitia kwa binti yake, siku baada ya siku. Sikuweza kumwambia sababu. Nilitaka nimlete mwenyewe, akakataa kupanda gari moja na mkwe. Amesema mzazi ameshapona, na hawezi kurudi Kharumwa bila kuwashukuru waliomlea mume wa mwanawe. Kusoma hajui.

Mpe mama shikamoo yangu na umwambie mjukuu anamsubiri. Wasalimie watoto wako, na shemeji anayechunga ng'ombe wetu. Kaka Masanja naye nampa shikamoo, maana bado ni mkubwa wangu.

Aliyekukabidhi bahasha hii ndiye yeye, mama mkwe wangu. Mpokee mzigo, mwambie wabeja kwa kumkanda mama Limi, na usiondoke ubavuni pake hata kwenda kisimani mpaka umpandishe mwenyewe kwenye basi.

Ni mimi mdogo wako mwenye hofu,
Baba Limi